Babu na Sinema ya Dirishani

Jirani yangu wa hapa Kisii mjini, Bi. Zainabu, akipika samaki siku ya Ijumaa hutumia mafuta ya nazi anayoletewa na dada yake kutoka Mombasa. Mafuta yakishapata moto, harufu hupanda juu ya ukuta wa ua na kuingia dirishani kwangu bila hodi, nami huacha chochote ninachofanya. Watu wa Pwani wataniona mshamba. Kwao hiyo ni harufu ya jikoni tu. Lakini mimi ni mtoto wa Ikonge, kule Nyamira, nilikolelewa kwa samli na mafuta ya kopo, na kwangu mafuta ya nazi ni harufu ya nywele za mtawa, ya ukumbi wa kanisa uliojaa makoti mabichi, na ya Babu yangu akiwa amesimama nje ya dirisha na mwavuli mkononi, akikana kwamba anatazama sinema.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana nikianza na Babu dirishani mtadhani alikuwa mwizi.

Nililelewa na Babu na Bibi. Mama yangu, Kemunto, alinipata akiwa bado kwao, na baba yangu hakuja kutoa hata mbuzi, kwa hivyo nikawa mtoto wa boma lile moja kwa moja. Nilipokuwa darasa la tatu, Mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Babu alikuwa amemkatia kipande cha shamba chini ya michai, huku wajomba zangu wakinung'unika kwamba binti hapewi ardhi. Mama akaapa kujenga nyumba ya matofali pale, ili siku Babu akiondoka asije akafukuzwa na mtu. Nyumba ikaanza kupanda. Kila mara Mama alipotuma kitu, fundi aliongeza mistari kadhaa ya matofali, na Babu alikwenda kusimama mbele yake jioni, mikono nyuma, akiikagua utadhani ameijenga yeye.

Mama alipiga simu kila Ijumaa alasiri, wenye nyumba wake wakiwa wamelala. Simu iliwekwa juu ya kigoda katikati ya sebule, mimi nikabonyeza spika kwa sababu vidole vyangu ndivyo vilivyojua pa kubonyeza, nasi tukaizunguka tukiinama kama watu wanaoota moto. Saa ilikuwa muhimu. Babu alikuwa Msabato wa kweli, na jua likizama siku ya Ijumaa Sabato imeingia, mambo ya dunia yanawekwa kando. Mama akichelewa kupiga, Babu alikuwa akitazama mlima upande wa magharibi zaidi kuliko alivyotazama simu.

Maongezi yenyewe hayakuwa marefu. Bibi angeuliza kama amekula, kama ana afya. Mama alicheka kwanza, kicheko kifupi cha haraka, kisha akajibu kwamba yuko sawa kabisa. Mimi ningeuliza ataniletea nini, naye angecheka kwanza, kisha aahidi viatu vinavyowaka taa. Halafu ilifika zamu ya Babu. Babu alikuwa na swali moja tu.

"Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha, Tata," Mama alijibu, maana kwetu baba huitwa hivyo. "Kidogo tu."

Basi Babu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mkulima wa chai, hilo lilikuwa swali lililobeba maswali yote. Mvua ikinyesha vizuri, mtu anakula, analala, anasomesha. Nasi tulifurahi kwamba hata huko mbali Mungu hakuwasahau.

Hapa lazima niwafafanulie kitu kimoja, la sivyo mtamwona Babu kuwa baba mkavu. Sisi Abagusii tuna jambo tunaloliita ensoni. Ni haya iliyochanganyika na heshima, na inakaa kati ya mzazi na mtoto wake aliyekwisha kukua, na zaidi sana kati ya mzee na wake za wanawe. Baba hamuulizi binti yake mambo ya ndani, hasikii naye neno la aibu, haingii anapolala. Kati ya babu na mjukuu haya hiyo haipo hata chembe. Mimi Babu aliniita mke wake mdogo, nami nilimwita mume wangu asiye na meno, na Bibi alitucheka wote wawili. Lakini kwa Mama, yule mzee aliyempenda hadi kumkatia shamba mbele ya watoto wa kiume, hakuwa na njia ya kuuliza, "Mwanangu, unateswa?" Alikuwa na mvua tu.

Sasa Sista Lisi.

Sista Lisi alikuwa muuguzi wa dispensari ya misheni, chini kidogo ya soko. Alitoka Kerala, kusini kabisa mwa India, na lugha yake iliitwa Kimalayalam, jina ambalo sisi watoto tulilipenda kiasi kwamba tulilitumia kuhesabia tukiruka kamba. Kiswahili alikuwa amejifunza kwetu, kwa hivyo alikivunja pale pale tunapokivunja sisi. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mkali sana kwa mtoto anayeficha kidonge chini ya ulimi. Alipoinama kukusikiliza kifua, msuko wake wa nywele uliteleza kutoka chini ya kitambaa cha utawa, na ndipo harufu ile ya nazi ilipokufikia. Watoto wengine walikohoa kwa makusudi ili wapelekwe kwake. Mmoja wao ni mimi.

Mwaka mmoja alirudi kutoka likizo ya kwao na projekta ndogo aliyopewa na kaka yake, pamoja na diski za sinema zilizojaza nusu ya begi. Akatangaza kwamba Jumapili alasiri, baada ya Misa, ukumbi wa kanisa utaonyesha sinema za kwao, bure, na kila mtu aje na kiti. Habari hiyo ilifika mbali haraka. Sinema za Kihindi tulikuwa tumezisikia kutoka kwa waliowahi kuzitazama mjini. Mtu mmoja anapiga kijiji kizima, kisha anaimba kwenye theluji akiwa na shati jembamba. Vijana walikuja mapema na kukaa mbele wakisubiri ngumi.

Jenereta ikanguruma, shuka jeupe likawaka, tukaona mvua. Mvua ikinyesha juu ya migomba. Kuku akijikinga chini ya gari bovu. Mwanamke akatoka mbio kwenda kuanua nguo kwenye kamba, na ukumbi mzima wa akina mama ukapiga kelele, "Anua! Anua haraka!" Nyuma ya mwanamke yule kulikuwa na kilima chenye chai, chai yenyewe kabisa, imekatwa vizuri kama yetu.

"Hii si India," mzee mmoja akasema. "Hii ni huko juu, kwenye chai ya Itumbe."

Hakukuwa na ngumi. Sinema nzima ilihusu ndugu wawili waliorithi shamba kwa baba yao na kugombania mti uliosimama mpakani, mti mkubwa wenye matunda ya kutisha yaliyoota kwenye shina. Sista Lisi alisimama kando ya shuka akatufasiria kila neno. "Sasa huyu anasema mti ni yake. Sasa huyu anakasirika. Sasa bibi yake anamwambia wacha ujinga, lakini yeye hawachi." Vijana wa ngumi walianza kutoka mmoja mmoja. Wazee, kinyume chake, walisogeza viti mbele. Jambo la mpaka wa shamba halikuwa sinema kwao. Lilikuwa kesi, na kesi ina wenyewe.

Shuka lilipozimwa, hawakuondoka. Walikaa pale pale, wakasikiliza upande wa kaka, wakasikiliza upande wa mdogo, wakiulizana nani alisema nini, na mwishowe wakatoa uamuzi. Mti uliopandwa na marehemu baba ni wa wote wawili. Tunda likiangukia upande huu ni la huku. Na yule kaka atoe jogoo kwa sababu alimtusi mke wa nduguye. Kisha mkubwa wao akamgeukia Sista.

"Sista, waambie hao watu wenu hivyo."

"Nitawaambia, mzee," Sista Lisi akajibu, uso mkavu kabisa.

Wiki iliyofuata alipokuwa akinipima homa isiyokuwepo, bibi mmoja akaingia dispensari na kuuliza kama yule kaka wa sinema aliyeanguka kutoka juu ya paa mguu wake umepona. Sista akasema anaendelea vizuri, anatembelea fimbo. Nilimtazama kwa mshangao. Akanikonyeza, akasema kwamba kwao pia ndivyo watu walivyo. Wakitoka sinema wanaingia hoteli ya chai, wanagombana juu ya nani alikosea mpaka chai inapoa. "Ndio maana wenye kutengeneza sinema wanaogopa kudanganya," aliniambia. "Mtu yuko hapo kwa kiti anajua mvua inanyeshaje."

Shida pekee ilikuwa ensoni. Mzee atakaaje ukumbi mmoja na mke wa mwanawe, taa zimezimwa, huku hakuna anayejua shuka litaleta nini? Je, wakikumbatiana? Sista Lisi aliapa kwamba sinema alizochagua hazina mambo hayo, kwamba hata hao watu wana ensoni yao, tazameni jinsi mke anavyofunika kichwa baba mkwe anapopita. Wazee walisadiki nusu. Waliketi mbele kabisa, migongo kwa wake za wana wao, na mmoja alikuja na kofia pana aliyoiteremsha usoni kila muziki ulipokuwa laini.

Babu hakuja. Kwanza alikuwa na wake watatu wa wanawe humo ndani. Pili, kanisa lake lilifundisha kwamba sinema ni mlango wa shetani. Tatu, ukumbi ulikuwa wa Wakatoliki. Nyumbani alituuliza tu, kwa mbali, hiyo kesi ya mti iliishaje, na Bibi alipomweleza alisema jogoo ni kidogo, angetoa mbuzi.

Kisha Jumapili moja mvua ya mawe ikamkuta njiani. Wanaoijua Nyamira wanaijua mvua hiyo, inayoweza kukung'uta shamba zima la chai kabla hujapata pa kukimbilia. Babu alijibanza kwenye ukuta wa ukumbi, chini ya paa, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Mawe yakaacha, mvua ikaacha, jua likatoka, Babu hakuondoka. Mimi ndani nilikiona kidevu chake kimeegemea kizingiti cha dirisha. Tulipotoka, Bibi akamuuliza kama ameipenda sinema.

"Sinema gani?" Babu akasema. "Mimi nilikuwa nje, najikinga mvua."

Tangu siku hiyo alijikinga mvua kila Jumapili. Jua liwake namna gani, Babu alikuja na mwavuli wake, akasimama nje ya dirisha lile lile, akajikinga mpaka mwisho. Akina mama walijua, wakaacha nafasi asije akazibwa. Wake za wajomba zangu walikaa upande wa pili wasionane naye, na kwa namna hiyo ensoni ililindwa, kanisa la Babu likalindwa, na hakuna aliyekosa sinema.

Nakumbuka sinema nyingi za msimu ule. Mwalimu mlevi. Harusi iliyovunjika kwa sababu ya mchele. Mwanamke aliyesomea ushonaji kwa siri. Lakini moja ndiyo niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Jumapili ile Sista Lisi hakucheka kama kawaida. Alisema kwamba kwao nyumba nyingi zina mtu aliyeko Uarabuni, na kwamba sinema nyingi za kwao zinawasema watu hao, kwa kuwa wenyewe wakipiga simu hawajisemi. Kisha akawasha. Kulikuwa na kijana aliyepika katika jiko la nyumba kubwa jangwani. Kila juma alijifungia stoo, akakaa juu ya gunia la mchele, akawapigia wa kwao. Kule nyumbani, baba yake, mgema wa miti ya mpira, alipokea simu mbele ya nyumba mpya iliyokuwa ikipanda. Na kila mara, kabla ya kujibu, kijana yule alicheka.

"Baba anauliza," Sista alifasiri, sauti yake ikiwa ya chini, "mvua imenyesha huko?"

Niligeuka nikatazama dirisha.

"Kijana anajibu, ndio, imenyesha, baba. Kidogo tu." Sista akageuka, akawa anazungumza na sisi badala ya kuifuata picha. "Lakini huko mvua hainyeshi. Mwezi unaisha, na mwingine, na mwingine, hainyeshi. Huyu anasema imenyesha kwa sababu hajui. Mlango umefungwa. Hajatoka nje."

Nilikuwa mtoto. Nilichokiona ni kwamba watu wa sinema walikuwa wametuiga, na nilitaka kucheka. Lakini Bibi kando yangu alikuwa amekunja leso yake vidoleni na kuikaza, wala hakutazama shuka. Alikuwa akitazama dirisha. Babu alisimama na mwavuli ukiwa umefunguka juu ya kichwa chake, katika jua kali, bila kutikisika. Sinema iliendelea. Nyumba ya kijana ikamalizika, ikapakwa rangi, na siku aliporudi alikuwa na mvi, akasimama njiani akiuliza watoto wa jirani njia ya kwenda kwao. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Nilipotazama tena, dirishani hapakuwa na mtu.

Wiki ile Babu hakwenda kusimama mbele ya nyumba ya matofali. Fundi alikuja Jumatano, mistari ikiwa imefika kwenye linta, usawa wa juu ya madirisha, akaambiwa arudi kwake. Babu alichuma chai, akaipeleka kwenye kituo cha kununulia majani. Siku moja aliniita, akaniuliza mwalimu wetu wa jiografia anasema nini juu ya mvua ya Uarabuni. Nikamwambia kwamba hatujafika huko, tuko kwenye Bonde la Ufa. Akasema sawa.

Ijumaa ikafika. Mama alichelewa. Jua lilikuwa limeinama sana tulipoisikia simu, na Bibi akaniashiria niiwahi. Nilibonyeza spika. Bibi akauliza kama amekula, na Mama akacheka, akasema amekula. Mimi nilikuwa nimetayarisha swali langu la viatu, lakini Babu aliinua mkono, akavuta kiti chake karibu na kigoda.

"Kemunto," alisema, "Jumapili nilikuwa najikinga mvua pale kwa Wakatoliki."

"Ndio, Tata."

"Kulikuwa na kijana wa India. Alienda huko mliko. Baba yake akimuuliza kama mvua imenyesha, anasema imenyesha. Kumbe hajaona mbingu tangu afike."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Tulisikia maji ya bomba yakichuruzika mahali fulani nyuma yake, na tulisikia kwamba anapumua.

"Na baba yake alifanya nini, Tata?" Mama akauliza.

"Huyo alichelewa. Alikuwa anafurahia nyumba." Babu alikohoa. Hakuwahi kuongea kwa urefu hivyo na binti yake tangu awe mtu mzima, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Sasa wewe, ukimwona kijana huyo, mwambie baba yake anasema arudi. Arudi mikono mitupu. Nyumba haijaomba kuezekwa. Chai yake iko, na kikapu chake kiko hapa ukutani, hakuna aliyekigusa. Mwambie mlango wa kwao hauna mwenye kuufunga, na anayetaka kuufunga aje kwangu nikiwa hai."

"Nikimwona nitamwambia," Mama akasema.

Kisha akalia. Sikuwahi kumsikia Mama akilia, na mwanzoni nilidhani simu imeharibika. Babu hakusema nyamaza. Alikaa akiwa ameinama juu ya kigoda, mikono miwili ikiizunguka simu bila kuigusa, na jua likazama nyuma ya mlima, na Sabato ikaingia, na Babu akakaa vivyo hivyo. Bibi alitazama nje, akamtazama mumewe, akainuka akawasha taa.

Kumtoa Mama kule hakukuwa rahisi, na mengi yake sikuambiwa. Najua kwamba Jumapili iliyofuata Babu aliuzunguka ukumbi, akaingia mlangoni mwa Wakatoliki kwa mara ya kwanza maishani mwake, akavua kofia mbele ya Sista Lisi. Najua kwamba Sista alikuwa na binti wa dada yake, muuguzi katika mji ule ule, na kwamba watu wa Kerala walioko huko wana kanisa lao na ujanja wao wa kuwafikia waliofungiwa. Kulikuwa na simu nyingi, kulikuwa na ubalozi, kulikuwa na miezi ya Bibi kufunga na kuomba. Halafu mchana mmoja, nikirudi kutoka shule, nilimkuta mwanamke mwembamba akiwa ameketi juu ya ukuta wa nyumba ya matofali iliyoishia kwenye linta. Hakuwa na begi. Hakuwa na viatu vya taa. Mvua ilianza kunyesha, Bibi akamwita aingie ndani, naye hakuingia. Alikaa pale akaiacha mvua impige mpaka nguo zote zikamshika mwilini, na Babu, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso upande mwingine kama inavyotakiwa, lakini nilimwona akifuta macho.

Miaka mingi imepita. Babu ametangulia. Nyumba ile tuliitumia kuanikia mahindi kwa muda mrefu, na baadaye Mama mwenyewe akaiezeka kwa jasho la chai yake, na hakuna mjomba aliyenung'unika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameambiwa maneno yale ya mlango. Sista Lisi alirudi kwao Kerala, mzee sasa, na sina namna ya kumshukuru ila kwa kuandika hivi.

Mwaka huu, usiku... hapana, niseme kweli, ilikuwa mchana na nilikuwa natoroka kufua, nilikuwa nikitafutatafuta kwenye simu, nikakutana na sinema ile. Niliitambua kwa gunia la mchele. Siku hizi huwekewa maneno ya Kiingereza chini, kwa hivyo sikuhitaji mtawa wa kunifasiria. Nikakaa, nikaisubiri mvua. Kijana akaingia stoo, akapiga simu, baba yake akashika, akauliza, na chini ya picha pakaandikwa: umekula wali?

Nikairudisha nyuma, nikatazama tena. Umekula wali? Nimekula, baba, nimeshiba. Na mkononi kijana ana kipande cha mkate mkavu. Simu ya pili, umekula wali? Simu ya tatu, vivyo hivyo. Niliitazama sinema nzima mpaka mwisho, mpaka mvi, mpaka njia iliyosahaulika. Hakuna mahali popote ambapo baba yule aliulizia mvua.

Nilimpigia Bibi. Bibi sasa anaongea polepole, lakini kichwa chake kiko timamu kuliko changu. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe ndio umejua leo?"

Akaniambia. Siku moja alikuwa dispensari akipimwa presha, akamsifu Mungu mbele ya Sista kwamba hata Uarabuni mvua inanyesha, binti yake husema hivyo kila Ijumaa. Sista aliacha kupima. Alimweleza Bibi ukweli, na Bibi alikwenda kumweleza Babu, na Babu alikataa kusikia. Yeye ndiye aliyembariki Mama aende. Nyumba ilikuwa ikipanda mbele ya macho yake. Sista angemwambia? Mwanamke, mgeni, mtawa, amwambie mzee kwamba binti yake amefungiwa ndani na watu? Hilo lilikuwa neno ambalo haliwezi kusemwa usoni. Na Mama hangerudi mikono mitupu bila kusikia kwa mdomo wa babake kwamba ana pa kurudi.

"Basi Sista akasema ana sinema," Bibi alisema. "Mimi nilimwambia tu kwamba huyu mzee hajui kuuliza kitu kingine isipokuwa mvua. Mengine alitengeneza yeye."

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Mtu fulani huko Kerala, nisiyemjua, alikaa akatengeneza sinema kwa ajili ya watu wa kwao, watu wanaoulizana kama wamekula wali. Mtawa mmoja akasimama kando ya shuka la kitanda huko Ikonge na kuigeuza kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa nje ya dirisha, akijikinga jua na kuliita mvua. Na mtu huyo naye akaipokea, akambebea binti yake kwa simu, kwa sababu kwa njia hiyo tu angeweza kumwambia kwamba anampenda. Mimi nilikuwa katikati yao wote, nikingoja viatu.

Jana Mama alinipigia. Alinieleza habari za chai, za ng'ombe, za mke wa mjomba. Halafu, kama kawaida yake tangu Babu atutoke, akauliza, "Mvua imenyesha huko mjini?"

Siku hizi simjibu papo hapo. Nilimwambia angoje. Nikashuka ngazi nikiwa na simu sikioni, nikatoka uani hadi karibu na ukuta wa Bi. Zainabu, harufu ya nazi ikiwa imejaa kote, nikainua uso nikatazama juu. Mama alingoja bila kukata.

"Bado, Mama," nikamwambia. "Lakini kuna wingu upande wa Suneka."

Ndipo alipocheka. Mama siku hizi hucheka baada ya jibu.